Sura ya Sita: Mkono wa Bakuli

Watu wa hali ya hewa walikuwa wametabiri theluji mpya kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo Inspekta Karasawa Fumie alibakiwa na saa mbili za kuusoma mlima kabla haujafutwa.

Alipanda kwa lifti ya viti, bega kwa bega na Sajini Oguchi, ambaye alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu na hakuwa amenyamaza tangu walipotoka kituoni. Baridi ya Otobara asubuhi ile ilikuwa ya kumfanya mtu apige chafya, kisha asikilize chafya yake ikidondoka chini na kuvunjika kama kikombe.

"Mimi nimezaliwa bonde hili, Mkuu," Oguchi alisema. "Nimekula theluji kuliko wali. Nakwambia hii haingoji saa sita."

"Basi funga mdomo isije ikaanzia humo."

Walishuka kwenye lifti juu ya lango la kumi na nane, mojawapo ya jozi za nguzo zinazoonyesha njia ya mbio. Pale, juzi Jumanne, walinzi wa mlima walikuwa wametandaza maturubai na kuyakandamiza kwa mifuko ya mchanga, kwa amri ya Karasawa mwenyewe. Chini ya maturubai yale kulikuwa na mistari iliyoachwa na mbao za skii za wanawake wawili.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa Minowa Chikage, mwongozaji. Wa pili ulikuwa wa Kuwabara Sayo, mteleza skii wa timu ya taifa ya wanawake wenye ulemavu, umri miaka ishirini na sita, asiyeona hata mwanga wa jua. Kwa misimu minne Chikage alikuwa akitangulia mita tano mbele na kumpa njia kwa sauti, kupitia redio iliyofungwa ndani ya helmeti, nao wakishuka pamoja kwa kasi ya gari la barabara kuu. Jumanne asubuhi, katika mazoezi, lango la kumi na tisa lilipinda kushoto. Sayo akapinda kulia. Alitoka njiani, akararua wavu wa usalama na kugonga nguzo ya lifti. Nyonga ilivunjika sehemu tatu. Mashindano makubwa waliyoyangoja miaka yote minne yalikuwa yamebakiza wiki sita.

Kocha hurekodi kila neno la redio. Katika rekodi, lango baada ya lango, sauti ya Chikage ilikuwa imetulia kama ya mtu anayehesabu mayai. Wawili hao hawakusema kulia na kushoto. Sayo alipofuka akiwa na miaka minne, kabla hajafundishwa pande. Alichokijua kwanza ni mkono wa vijiti, unaotia wali mdomoni, na mkono wa bakuli, unaolishika, kama mtoto yeyote aliyekalishwa mezani. Kwa hiyo kulia kwao ilikuwa "vijiti", mkono wa kulia chakula, na kushoto ilikuwa "bakuli". Lango la kumi na nane: vijiti. Kisha pumzi moja iliyokatika. Kisha sauti nyembamba ambayo kocha aliapa hakuwahi kuisikia: "Vijiti! Vijiti!"

Nayo njia ilikwenda upande wa bakuli.

Hapo ndipo kesi ilipokwama. Mwendesha mashtaka alitaka faili mezani pake kesho saa nne asubuhi, likiwa na neno moja kati ya mawili: kukusudia, au kutokukusudia. La kwanza lilikuwa na jela ndani yake. Kila mtu katika timu alikuwa ameshachagua, kwa sababu Jumatatu Sayo alikuwa amemwambia kocha anataka mwongozaji mwingine, mwanamume wa Hokkaido mwenye kasi zaidi, na jioni yake Mama Nezu wa nyumba ya wageni alimsikia Chikage akisema jikoni, "Ningekuwa na akili ningemwacha agonge mti zamani."

Oguchi alifunua turubai. Karasawa alipiga magoti, mguu mmoja baada ya mwingine, maana goti la kushoto lilikuwa na mambo yake.

"Ona hapa," Oguchi alisema. "Mstari wa mwongozaji umepanuka kama mkia wa samaki. Alifunga breki. Alitaka yule kipofu ampite, apotee."

"Shika utepe."

Walipima. Kutoka pale mstari ulipoanza kupanuka hadi pale uliponyooka tena zilikuwa mita sita na robo. Katikati, theluji ilikuwa imesuguliwa hadi kwenye barafu ya buluu, na pembeni kulikuwa na shimo refu la mviringo na mikwaruzo minne inayofuatana.

"Mtu anayefunga breki kwa makusudi hulaza paja chini?" Karasawa aliuliza.

Oguchi aliinama. "Hilo ni paja?"

"Paja, na vidole. Mbao ilimteleza kwenye barafu. Alianguka nusu, akajisukuma kwa mkono, akasimama tena, yote ndani ya mita sita. Piga picha na utepe uonekane. Kisha pima tena kutoka upande ule."

"Kwa hiyo hakukusudia."

"Kwa hiyo alikuwa anaanguka. Mtu anaweza kuanguka na bado akawa mwongo. Na sauti ile bado hatujui ni ya nani."

Chembe ya kwanza ya theluji ilitua kwenye utepe wa kupimia. Oguchi akatazama saa yake: tano kasoro dakika kumi. Uso wake wote ulikuwa unasema: si nilikwambia?

*

Kibanda cha watunza saa kilikuwa chini ya mteremko, kina jiko la mafuta na harufu ya soksi. Yokosawa Ritsu alikuwa peke yake, anakunja nyaya. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mabega mapana, na mdomo ambao haukuomba ruhusa. Huyu ndiye aliyekuwa mwongozaji wa Sayo kabla ya Chikage. Aliachwa, akabaki na timu kushika saa. Jumanne alikuwa na redio kiunoni yenye uwezo wa kuingia mkondo wowote wa mawasiliano.

"Nilikuwa najiuliza mtakuja lini," alisema. "Mwanamke aliyeachwa siku zote ana hatia. Kaeni. Hilo benchi lina msumari, Sajini. Kaa upande huu."

"Jumanne saa tatu na dakika thelathini na nne ulikuwa wapi?" Karasawa aliuliza.

"Hapo ulipo. Naongea na lango la kuanzia kwenye mkondo wa pili. Nao unarekodiwa. Sikilizeni mtanisikia namtukana mtu kuhusu betri."

Oguchi alikuwa nayo rekodi hiyo tayari. Aliiweka mezani, akaisogeza hadi dakika ile. Sauti ya Ritsu ilitoka, nene, ikimwita mtu fulani kichwa cha kabichi kwa sababu ya betri. Ilitukana sekunde kumi na moja mfululizo bila kuvuta pumzi. Ndani ya sekunde hizo hizo, kwenye mkondo mwingine, mtu alisema "vijiti" mara mbili.

"Mtu mmoja hawezi kuongea kwenye mikondo miwili," Oguchi alikiri, kwa huzuni kidogo.

"Pole," Ritsu alisema. "Ulikuwa umeshanivalisha pingu kichwani."

Karasawa alitoa daftari dogo lenye jalada la plastiki, lililochukuliwa kwenye koti la Chikage. Lilikuwa na michoro ya njia, lango kwa lango. Kurasa zilizoandikwa wakati wa mikutano na kocha zilikuwa na herufi zilizosimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride. Kurasa za mlimani zilikuwa na mwandiko mwingine kabisa: umelala, una haraka, na risasi ya penseli imesambaa juu yake kama moshi. Oguchi alikuwa na nadharia yake juu ya hilo tangu jana. Watu wawili, alisema. Kuna wa pili anayeijua njia na anayajua maneno.

"Niandikie hapa," Karasawa alimwambia Ritsu. "Lango la kumi na tisa, barafu, bakuli."

Ritsu aliandika. Herufi zake zilikuwa fupi na nene, hazikufanana na mwandiko wowote kati ya ile miwili.

"Na hayo maneno ya bakuli, mimi sikuwa nayo," alisema akirudisha penseli. "Wakati wangu tulisema kulia na kushoto kama watu wazima. Alipokuja huyu, wakaanza vyombo vyao. Siku nzima vijiti, bakuli, vijiti, bakuli, wanacheka. Unapita unadhani umeingia jikoni kwa watu."

"Ulikuwa na wivu."

"Sana. Nilimchunguza mwaka mzima nikitafuta kasoro. Sikupata. Hata mezani hana kasoro. Umewahi kumwona anavyokula? Kama mtoto wa shule siku ya kuja mkaguzi. Kila punje anaifikiria."

Karasawa alikuwa ameshasimama. Akakaa tena.

"Anaifikiria vipi?"

"Sijui. Wewe ukila unafikiria mkono?"

*

Chumba cha mahojiano cha kituo kidogo cha Otobara kilikuwa pia chumba cha kukaushia makoti. Minowa Chikage alikaa chini ya koti la Oguchi lililokuwa likidondosha maji, mgongo umenyooka, mikono juu ya mapaja. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alikuwa amehojiwa mara mbili na mara zote mbili alisema neno lile lile.

"Nilisema bakuli."

"Tusikilize," Karasawa alisema.

Oguchi aliwasha. Vijiti, kwa utulivu. Pumzi. Kisha ile sauti nyembamba.

Chikage alisikiliza hadi mwisho. "Mara ya kwanza niliwaambia si sauti yangu," alisema. "Leo nasema ni yangu. Niliikumbuka. Ndivyo nilivyokuwa nikilia nikiwa mdogo. Sauti ni yangu. Neno si langu."

"Dada yangu," Oguchi alisema, "neno halitoki mdomoni kwa mtu likiwa la mtu mwingine. Mimi nimeoa miaka thelathini na nane; nimejaribu utetezi huo."

"Najua linavyosikika. Mimi nililiona lango. Nikasema bakuli. Nikageuka kumtazama, naye anakwenda kule."

"Jikoni kwa Mama Nezu ulisema utamwacha agonge mti."

"Nilisema ningekuwa na akili ningemwacha. Nilikuwa nakata vitunguu na ninalia, sijui kipi kilianza. Miaka minne, Inspekta. Mtu akuambie wewe ni mzito. Na ni kweli mimi ni mzito. Akipata kasi zaidi kidogo tu atanikanyaga mbao. Kocha alijua, mimi nilijua. Nilitaka tu aniambie mwenyewe, si kupitia kocha."

Karasawa aliandika yote hayo kwa mkono wake. Alipomaliza alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka, naye Chikage akaitikia kila aya. Kisha Chikage akachukua kalamu kwa mkono wa kulia na kutia jina. Herufi zilisimama wima kama wanafunzi kwenye gwaride.

"Na alama ya kidole," Oguchi alisema, akifungua kidau cha wino. "Cha shahada. Cha kushoto."

Chikage alitazama mikono yake. Alitazama mmoja, akatazama wa pili. Muda uliopita ulikuwa mfupi, mtu angeweza kukohoa mara moja tu ndani yake. Kisha akatoa wa kushoto, akabonyeza.

Mwanamke aliyetaja pande mbili mara arobaini kila dakika, miaka minne, alikuwa amehitaji kufikiri.

Karasawa alivuta ile karatasi, akaitazama dirishani, kisha akairudisha upesi.

"Imefifia. Hii haitapokelewa. Bonyeza tena, upesi, wino unakauka, mkono wa bakuli."

Chikage alinyoosha mkono wa kulia.

Oguchi alikuwa ameshaushika ule mkono kuupeleka kwenye wino. Aliuangalia. Akamwangalia Karasawa. Akauachia taratibu, kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake. Koti lilidondosha tone mezani.

Chikage naye alikuwa akiutazama mkono wake, bado umenyooka juu ya karatasi.

"Nani alikugeuza?" Karasawa aliuliza.

"Mama," alisema. "Anafundisha uandishi wa brashi. Ana wanafunzi bonde zima. Brashi haishikwi kushoto. Alikuwa akinifunga mkono huu kwenye kiti kwa mkanda wake wa kimono, chakula chote, tangu supu hadi chai. Nilikuwa na miaka sita. Ilichukua majira mawili ya baridi."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo vijiti nilishika huku." Aliinua mkono wa kushoto kidogo. "Na bakuli huku."

Karasawa alifungua daftari la plastiki kwenye kurasa zenye moshi wa penseli. "Na huyu mtu wa pili aliyekuwa akiandika mlimani?"

"Kule juu hakuna anayenitazama," Chikage alisema. "Vidole vikiganda, huu unaandika upesi zaidi. Unapita juu ya maandishi na kuyafuta, lakini mimi nayasoma."

Oguchi alikuna shingo. Nadharia yake ilikuwa inazikwa mbele yake na hakukuwa hata na maua.

"Lakini nimesema vijiti na bakuli miaka minne," Chikage alisema. "Mara elfu ngapi. Sijakosea hata moja. Hata nikiwa na homa. Nilijifunza kwa ajili yake. Kila mlo nilikuwa nasema moyoni, huu ni vijiti, huu ni bakuli, huu ni vijiti. Nimekula miaka minne kama nafanya mtihani."

"Hizo mara elfu, ni mara ngapi ulikuwa unaanguka huku unasema?"

Jiko la mafuta lililokuwa likikausha makoti lilipiga kelele kidogo.

"Sijawahi kuanguka nikiwa naye."

"Mlimani kuna paja lako na vidole vyako vinne. Mita sita na robo. Katika mita hizo hukuwa na nafasi ya kufikiri. Aliyesema alikuwa na miaka mitano, na kwake upande ule ndio ulikuwa wa vijiti. Ndiyo maana kocha hakuijua sauti. Nawe unakumbuka ulisema bakuli kwa sababu uliona upande sahihi, ukausema upande sahihi, kwa neno la mezani kwenu kabla ya mkanda."

Chikage alikunja mkono wa kulia, akauweka juu ya paja, na juu yake akaweka ule mwingine.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Hukukusudia."

"Nilikuwa nimejiandaa kwa kukusudia. Hilo ningeweza kulikataa mbele ya yeyote." Alisema polepole, akiwatazama wote wawili kwa zamu. "Hili nitalikataa vipi?"

Oguchi, ambaye kwa siku tatu alikuwa na jibu la kila kitu, aliinuka akaenda kuzima jiko lisilohitaji kuzimwa.

Karasawa alichana ile karatasi ya maelezo, akachukua nyingine na kuanza upya kutoka mstari wa kwanza. Iliwachukua saa nzima. Kabla hajafunga faili, alibaki na jambo moja. Mwendesha mashtaka angeuliza aliyeumizwa anasema nini, na aliyeumizwa alikuwa hajasema lolote tangu Jumanne zaidi ya kuomba maji.

"Vaa koti," alimwambia Chikage. "Utakaa kwenye korido. Huingii mpaka nikuite, na huenda nisikuite."

*

Hospitali ya mjini ilikuwa dakika arobaini kwa gari, na kwa theluji ile ikawa saa moja na nusu. Sayo alilala chali ghorofa ya tatu, kiuno kimefungwa kwenye fremu ya chuma, uso mdogo, nywele zimesukwa na nesi fulani asiyejua kusuka. Alisikia mlango.

"Viatu vya polisi," alisema. "Na mguu mmoja unauma."

"Goti," Karasawa alisema, akivuta kiti. "Karasawa, kituo cha Otobara. Nimekuja na jibu, na nahitaji maelezo yako. Ukichoka sema."

"Nimelala siku tatu. Jibu kwanza."

Karasawa alimpa jibu lote, kwa mpangilio, bila kupamba: barafu, paja, mita sita, mkanda wa kimono, kidole. Sayo alisikiliza bila kugeuza kichwa. Katika habari ya mkanda, kidole chake kimoja kilianza kukwaruza shuka.

"Hakuwahi kuniambia," alisema mwishowe. "Miaka minne nimemlisha maneno yangu na hakuniambia kwamba yanamkaba. Angesema, tungetumia mengine. Tungesema paka na mbwa."

"Watu waliogeuzwa hawasemi. Wengi wanaona aibu, wengine wamesahau."

"Kwa hiyo utaandika ni kosa lake, lakini hakukusudia."

"Ndivyo ilivyo."

"Basi andika na langu."

Karasawa alifungua kalamu. "Lipi?"

"Nilijua." Sayo alisema kama mtu anayetaja anwani yake. "Asubuhi ile nilikuwa nimeipitia njia nzima kwa vidole, mezani, malango yote thelathini na mawili. La kumi na tisa ni bakuli. Aliposema vijiti nilijua amekosea. Nilikuwa na nafasi ya kujua, ndogo hivi, lakini nilikuwa nayo."

Kalamu haikuandika. "Na ukapinda kulia."

"Alisema."

"Ulijua ni makosa."

"Inspekta, wewe ukishuka ngazi unatazama. Mimi nikishuka mlima nina kitu kimoja tu. Siku nitakapoanza kupima, hili nalifuata, hili nalibishia, nimeshachelewa lango, na lijalo, na lijalo. Nilishaamua zamani: akisema, naenda. Hata siku ile. Hata baada ya kumwomba kocha anitafutie mwingine. Nilitaka mwenye kasi. Sikusema nataka ninayemwamini zaidi. Kocha alimfikishia nusu, na nusu hiyo ni kosa langu pia. Andika yote. Asilibebe peke yake mbele ya huyo bwana wa mashtaka."

"Nikiandika, Chikage atalisoma. Atajua kwamba ulijua."

Sayo alifikiri. Dirishani theluji ilikuwa inaanguka nzito, imenyooka, kama imetumwa.

"Andika," alisema.

Karasawa aliandika. Alisoma kwa sauti, aya kwa aya, na kwenye jalada la faili akajaza lile neno moja lililokuwa likingojwa: kutokukusudia. Kisha akatoka kwenye korido.

Chikage alikuwa amesimama ukutani, koti bado limefungwa hadi kidevuni. Oguchi alikuwa amekaa kando yake na vikombe viwili vya chai ya mashine, vyote viwili vimejaa na kupoa.

"Faili linakwenda na neno kutokukusudia," Karasawa alisema. "Kutakuwa na kesi ya uzembe. Pengine onyo, pengine zaidi. Jela, sidhani."

"Yeye amesema nini?"

"Amesema uliita, naye akafuata."

Chikage alitikisa kichwa kukubali. Kisha kichwa kikaacha kutikisika.

"Lakini Sayo analijua lango lile," alisema. "Alikuwa anayajua yote. Alinisomea asubuhi, mimi nikimenya yai, yote thelathini na..." Akageukia mlango wa chumba.

Mlango ulikuwa wazi. Kutoka ndani Sayo alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyo ni Chikage? Mbona hasemi?"

Karasawa alisogea kando. Chikage aliingia hatua tatu, akakizunguka kitanda upande wa mbali, akasimama hapo na theluji nyuma yake.

"Nasikia koti," Sayo alisema. "Uko upande gani?"

Chikage aliitazama mikono yake miwili. Alitazama mmoja, akatazama mwingine. Mlangoni Oguchi alitaka kumsaidia; Karasawa akamshika mkono wa koti, akamzuia.

"Dirishani," Chikage alisema. "Niko upande wa dirisha."

Na Sayo akageuza uso kuelekea dirishani, mara moja, bila kusita.